Maziwa ya Bi Hawa

Naandika haya nikiwa nimejifungia ndani, kwa sababu Garsen nzima sina pa kuuweka uso wangu.

Kazi yangu ni kuandika hadithi, nami huifanya nyumbani, nimelala mkekani na kikoi kiunoni, kompyuta juu ya tumbo. Raha yangu moja ni maziwa ya Bi Hawa, jirani yetu Muorma mwenye ng'ombe. Tangu mwezi uliopita ananiletea chupa kila asubuhi na hataki nilipe. Mimi mjinga nikaona heshima ya mwandishi imefika hadi kwa wafugaji.

Jana alikuja na wazee watatu. Walivua viatu, wakanizunguka. Nikajua wasomaji wangu wamenifuata. Bila kuombwa, nikawasomea sura niliyoimaliza juzi, ya baba anayewaaga wanawe kabla ya kufa. Bi Hawa akafuta machozi kwa ushungi, nami nikazidi kuivuta sauti.

Nilipomaliza, mzee mmoja aliinua mikono akaomba dua ndefu ya kumponya mgonjwa. Kisha akanishika bega.

"Wosia wako tumeusikia, mwanangu. Lakini usikate tamaa. Mwanamume kulala nyumbani mwaka mzima ni ugonjwa mkubwa, ila Mungu ni mkubwa zaidi."

"Mzee, mimi siumwi. Hapa niko kazini."

Alinitazama pale mkekani, toka kichwani hadi miguuni, akamgeukia Bi Hawa na kushusha sauti.

"Masikini. Ugonjwa umeshapanda kichwani."