Eda Nimekaa Ngazini

Mwaka sitini na sita, nikiwa na miaka tisa, mama yangu alifariki kijijini kwetu Moa na shida ikaanza. Nilikuwa darasa la pili, shule nikaiachia hapo. Nikaletwa Tanga mjini, Chumbageni, nyumba ya ghorofa ya watu wenye uwezo, kazi yangu kupandisha maji. Bomba lilikuwa uani, wenye nyumba walikaa juu. Nikipanda, debe liko kichwani. Yakimwagika kwenye vidato, napiga deki mwenyewe. Nikajiambia: Mungu akinijaalia nyumba, nitalala juu. Sikuomba ushauri wa mtu.

Nikakaanga mihogo, nikachoma vitumbua, nikaolewa, nikazaa, nikachoma vitumbua tena. Kiwanja cha Mabawa, hapahapa Tanga, nilinunua mimi. Chini nilijenga mimi, na juu nikapandisha mimi, huku watu wakicheka kwamba muuza vitumbua naye anataka ghorofa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa utingo wa malori. Hakunipa matofali, lakini hakunizuia. Kwa mume, hiyo si haba.

Alipofariki nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, hajipambi, wala hajionyeshi kwa wanaume wa kando. Godoro langu likashushwa chumba cha chini, ili wanawake wanaokuja kunipa pole wasihangaike na ngazi. Nilikubali. Nilidhani ni la muda.

Siku moja nikamsikia mwanangu wa kwanza anamwambia mkewe, "Mama abaki hukuhuku chini. Magoti mabovu, presha ipo. Juu tutapangisha."

Nikaita, "Weye, njoo hapa."

Akaja, akachuchumaa. "Mama, ni kwa ajili yako."

"Kwani nimekufa?"

"Astaghfirullah, mama!"

"Ambaye chumba chake kinagawiwa watu ni maiti. Miye bado nakula."

"Basi panda tuone."

Nikapanda mbele yake. Kumbe kule kukaa godoroni kumenimaliza. Nilifika katikati, goti likagoma, nikakaa kidatoni nahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alinishika mkono akanishusha polepole, kama mtu anayeshusha sahani za kuazima.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nikaanza. Mkono ukutani. Kupanda natanguliza mguu mzima, kushuka natanguliza mbovu. Goti lenyewe lilinifundisha, kwa kelele. Siku za mwanzo nilikuwa nafika pale nilipokwama, nageuka. Baadaye nikafika juu, nikagusa mlango wa chumba changu, nikashuka. Baada ya adhuhuri tena. Baada ya alasiri tena. Usiku goti linavimba, nalikanda maji moto, nalitukana kidogo, tunalala.

Wifi yangu, dada wa marehemu, akaja akanikuta juu ya vidato.

"Wifi! Kaka yangu hajakauka kaburini, weye unacheza ngazi? Watu watasemaje?"

"Watasema mjane ana miguu."

"Eda ni kutulia!"

"Eda ni kutotoka nyumbani. Kwani ngazi hizi ziko Pongwe?"

Akasonya, akaenda kumuuliza mwalimu wa msikitini. Aliporudi hakuniambia jibu. Aliziangalia ndala zangu, akasema, "Vua hizo. Panda peku, zitakutelezesha." Jibu nikalijua.

Eda ilipokaribia kwisha, mwanangu akamleta mpangaji aje kuangalia chumba. Hakuniambia. Nilisikia tu mkamwana anabisha mlango wangu: "Mama, jifungie kidogo, kuna mgeni mwanamume anapita."

"Haya," nikasema.

Wao bado wako getini wanasalimiana, miye nikajitanda kanga, nikatoka, nikazikabili ngazi. Sikupumzika katikati. Nikaingia chumbani kwangu, nikatia komeo, nikakaa juu ya kitanda kisicho na godoro. Moyo unadunda, lakini niko juu.

Nyayo zikaja. Kitasa kikatikiswa.

"Nani humo?" mwanangu akauliza.

"Mjane."

Kisha sauti ya mgeni: "Ndugu yangu, mna mama yuko eda humu?"

"Ni mama yangu, anatoka sasa hivi."

"Sitoki," nikasema.

"Atoke apite mbele yangu?" mgeni akasema. "Hapana, bwana. Mie laana ya watu siitaki. Mama, niwie radhi. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nenda salama."

Akashuka mbio. Mwanangu akabaki mlangoni.

"Mama, umepandaje?"

"Kwa miguu."

"Umeniaibisha."

"Umejiaibisha. Unatembezaje wageni nyumba ya mtu, na mwenyewe yu hai?"

Kitasa akakiachia. Kisha akasema, sauti imeshuka, "Na siku ukianguka?"

Nikajua hofu yake ni ya kweli. Lakini hofu ya mwanangu si sababu ya miye kuhama kwangu. "Nikianguka mtaniokota," nikamwambia. "Ila mtaniokotea kwenye ngazi zangu. Sasa kalete godoro."

Akalipandisha mwenyewe. Alipofika juu alikuwa anahema kunizidi.

Eda niliimalizia juu. Imekwisha, na mpaka leo kila asubuhi kabla ya chai napanda na kushuka. Anayeniambia nipumzike, namwambia apumzike yeye.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya ghorofa moja hapa Mabawa, kwa jina langu. Chumba cha juu, chenye kitanda cha mninga na kabati. Vyumba vya chini, ambamo mwanangu na mkewe wanakaa bure. Minazi kidogo kule Moa. Mbuzi wanne. Vikaango viwili vya vitumbua, kimoja kimetoboka. Na funguo za milango yote, ninazo miye.