Siku Niliyokwenda Kuposa kwa Baiskeli

Mpaka leo nikiingia kwenye duka la nyama la kwetu huku Toronto, nikaona mtu wa Kiswahili ananitazama halafu anatazama simu yake, mimi huacha nyama yangu pale pale kwenye mizani nikatoka. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, na ninyi mkicheka nitanyamaza, basi chekeni kidogo kidogo.

Mnanijua, mimi Mwanaidi ni mtoto wa Tanga, na mtu wa Tanga na baiskeli hamuwezi kuwatenganisha. Kwetu mama anatoka sokoni na buibui lake, kikapu mbele, mtoto nyuma, samaki kwenye usukani, na hakuna anayegeuka kumwangalia. Kwa hiyo nilipofika huku nikapata kazi ya kulea wazee majumbani, kitu cha kwanza nilichonunua ni baiskeli, hata kabla ya koti la baridi (koti nilikuja kununua nikilia). Naishi Regent Park, katikati ya mji, na pale baiskeli wameiwekea njia yake, imepakwa rangi ya kijani, ina ukuta mdogo wa zege wa kuitenga na magari, unapita kama bibi harusi. Basi nikawa najigamba kwa kila mtu kwamba huu ni mji wa baiskeli, kwamba wanaokaa na magari ni wavivu tu. Kumbe mji wenyewe nilikuwa naujua robo.

Sasa nina mpwa wangu, Idrisa, mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi tangu ana miaka minane. Amekuwa kijana mzuri, anafanya kazi yake ya kompyuta, akampata binti wa Kimombasa anaitwa Nuru, wazazi wake wanakaa North York, huko juu kaskazini. Tatizo lilikuwa baba mtu, Mzee Abeid. Huyu mzee alikuwa mwalimu kwao, na ana mambo mawili: saa na gari. Nilisikia kwamba alimuuliza bintiye, "Huyo kijana hana gari, na shangaziye hana gari. Atakubeba kwa kitu gani, baiskeli?" Maneno yale yaliniingia, nikalala nayo, nikaamka nayo.

Ikapangwa Jumamosi moja ya mwezi wa sita twende kuposa, baada ya adhuhuri. Msemaji wetu angekuwa Mzee Kombo, rafiki wa marehemu kaka, ndiye mwenye gari, atupitie mimi na Idrisa. Asubuhi nikaandaa kila kitu: halua nimeifunga kwenye sinia na utepe, nguo yangu ya shughuli nimeitundika ndani ya mfuko wake, nyumbani nimevaa suruali ya mazoezi na fulana kuukuu ya Idrisa ya timu ya kikapu, yenye namba kubwa mgongoni, nisije nikachafua nguo nzuri kwa mafuta ya halua. Niko tayari, Mzee Kombo hayupo. Tukampigia, anasema yuko njiani, kuna foleni. Tukampigia tena, bado yuko njiani. Treni ya chini ya ardhi nayo wikiendi ile ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, kama kawaida yao.

Mimi kukaa siwezi, nimeumbwa hivyo. Nikikaa miguu inaniwasha. Nikawa nakwenda dirishani, narudi, nakwenda mlangoni, narudi, naifungua halua, naifunga.

"Shangazi, tulia," Idrisa akaniambia.

"Nitatuliaje na yule mzee anatazama saa? Akisema sisi watu wa kuchelewa je?"

"Tutafika tu."

"Angalau mmoja wetu awepo kwa wakati. Mimi natangulia na baiskeli. Nyinyi njooni na halua na nguo yangu, nitabadilisha huko huko kabla hawajaniona vizuri."

Idrisa akaenda kunitolea baiskeli nje. (Ananijua.) Nikatupia buibui juu ya suruali na fulana, lile zito la Dubai la vifungo mbele, nikavaa kofia ngumu juu ya mtandio, nikatoka.

Wallahi mwanzo ulikuwa mtamu. Njia ya kijani, upepo, watu wananipungia, nikasema leo Mzee Abeid atanijua mimi ni nani. Halafu mji ukaanza kupanda. Toronto ukiwa ndani ya basi huoni, lakini mji huu ukitoka ziwani kwenda kaskazini unapanda, unapanda, mapaja yanawaka moto. Sawa, nikavumilia. Kisha ule ukuta wa zege ukaisha, ukabaki mstari wa rangi tu. Mbele kidogo mstari nao ukafifia. Mbele tena pakawa na kibao kimesimama kinasema njia ya baiskeli imeishia hapa, basi, kama mtu anayekwambia kwaheri ukiwa katikati ya sentensi. Imeishia hapa, sasa mimi niende wapi? Niruke?

Nikaendelea barabarani. Jamani, huko juu ni jangwa. Mchanga hakuna, lakini jangwa lile lile: lami mpaka macho yanapoishia, viwanja vya kuegeshea magari vipana kuliko uwanja wa mpira, duka moja liko huku na la pili kule mbali, mti hakuna, kivuli hakuna, na barabara yenyewe njia tatu za kwenda na tatu za kurudi, magari yanapita kama yanafukuzwa. Sikuona baiskeli nyingine hata moja. Lori likinipita, buibui linajaa upepo, linanivuta kama tanga. Nikapanda kwenye njia ya waendao kwa miguu, mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akanikemea kwamba hapo si mahali pa baiskeli. Nikashuka barabarani, dereva akanipigia honi kwamba hapo pia si mahali pa baiskeli. Nikajikuta nazungumza peke yangu, "Mwanaidi rudi, Mwanaidi rudi," lakini miguu inakanyaga, na saa inakwenda, na kurudi ni aibu, na kwenda ni hatari, nikachagua hatari.

Nikafika kwenye njia panda moja kubwa, ninatakiwa kukata kushoto, na huku magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo kushoto ni kukatisha barabara nzima. Ningeshuka nikavuka na waendao kwa miguu kama mtu mwenye akili, ningekuwa sina hadithi ya kuwasimulia. Lakini ile taa yao inachelewa, nami nina haraka, nikajipanga na magari katikati. Taa ikawaka, nikakanyaga kwa nguvu, na katikati kabisa ya njia panda nikasikia kitu kimenishika mguu, kinanivuta chini. Buibui limeingia kwenye mnyororo. Nikikanyaga mbele, linaliwa zaidi. Nikikanyaga nyuma, halitoki. Baiskeli ikalala na mimi nikalala nayo.

Nikasimama kwa magoti, navuta. Halichaniki! Buibui lile nilinunua kwa kusifiwa ugumu wake. Taa ikabadilika, magari ya upande mwingine yakaanza kuja, yakasimama, honi zikaanza, moja, tatu, zote. Dereva mmoja akatoa kichwa akinifokea kwa Kiingereza maneno ambayo siwezi kuyasema mbele yenu. Na upande wangu wa kulia likawa limesimama lori la kokoto, gurudumu lake liko sawasawa na uso wangu, na nikaelewa kwamba dereva wa lile lori, kule juu alikokaa, hanioni. Injini ilikuwa inanguruma. Sikufikiri. Nikafungua vifungo vya buibui vyote kwa mara moja, nikatoka ndani yake kama nyoka anavyojivua gamba, nikashika usukani, nikaikokota baiskeli na buibui lake mpaka ukingoni, nikiwa na suruali ya mazoezi na namba kubwa mgongoni.

Watu waliokuwa kituo cha basi wakanipigia makofi. Na kutoka humo humo kituoni nikasikia sauti ya kijana, kwa Kiswahili kabisa, "Pole mama! Angalia magari!"

Kati ya watu wote wa mji huu! Lakini adabu ni adabu, nikageuka nikajibu kwa sauti, "Ahsante mwanangu, Mola akuweke." Ndipo nikaona ameshika simu, na simu inanitazama mimi.

Gurudumu la nyuma halizunguki, kwa hiyo nikawa naiinua baiskeli nyuma huku naisukuma mbele, jasho linanitoka, mikono imejaa grisi, nimejipangusa usoni nayo bila kujua. Simu ikalia. Idrisa.

"Shangazi, umefika? Sisi tumekwama. Magari hayasogei kabisa, wanasema kuna mtu na baiskeli yake amelala katikati ya barabara huko mbele."

"Watu wengine bwana," nikasema, nikakata.

Nyumba yao nikaiona, na ilikuwa saa ile ile tuliyoahidiana. Baiskeli nikaificha kwenye maua kando ya gereji. Nikabisha. Mama wa Nuru, Bi Zuhura, tulikuwa tumezungumza kwenye simu tu, hajawahi kuniona. Akafungua mlango, akaitazama kofia yangu, fulana, grisi, akasema kwa upole, "Pole mwanangu, umekosea nyumba. Sisi hatujaagiza chakula, tumepika wenyewe."

"Bi Zuhura," nikasema, "mimi ni Mwanaidi. Shangaziye Idrisa."

Akanikodolea macho nikadhani amezimia amesimama. Halafu, Mungu ambariki, hakuniuliza lolote. Akanishika mkono, akaniingiza kwa mlango wa jikoni, akanipa maji ya kunawa, akanivika dera lake na leso juu, akanipeleka sebuleni kwa wanawake. Nikasema alhamdulillah, yamekwisha.

Walikuwa akina mama wa familia, kama watano, wameinamia simu moja, wanacheka mpaka wanafuta machozi. "Njoo uone, dada," mmoja akaniambia, "imeingia sasa hivi kwenye kikundi chetu."

Nikaona. Buibui, lori, magoti, namba mgongoni. Sauti ilikuwa imezimwa na sura kwa mbali haionekani vizuri. Sasa hapo ningesema ukweli, lakini nikacheka nao! Nikacheka, nikatikisa kichwa, nikasema, "Maskini mama wa watu, kwani hana watoto wa kumkanya?"

Bi Zuhura akaja na sharubati ya ukwaju, akanipa glasi, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema kama ninavyosema siku zote, "Ahsante mwanangu, Mola akuweke." Na wakati huo huo yule mama mwenye simu akafungua sauti, na simu nayo ikasema, kwa sauti yangu, "Ahsante mwanangu, Mola akuweke."

Wote wakanigeukia. Nikainywa ile sharubati yote bila kupumua, ningefanya nini kingine?

Hapo mlango wa nje ukafunguka, Mzee Abeid akaingia na baiskeli yangu mkononi, buibui linaning'inia. "Hini baiskeli ya nani imelala kwenye maua yangu?" Na nyuma yake, hata hajamaliza, wanaingia Idrisa na Mzee Kombo na sinia la halua, na Mzee Kombo ameshaanza kuomba radhi kwa lile sauti lake: "Samahani sana wazee, tusingechelewa, ni mwendawazimu mmoja wa baiskeli kafunga barabara nzima!"

Nuru, aliyekuwa kwenye ngazi amejifunika, ndiye aliyeanza kucheka. Akajaribu kuzuia, ikashindikana. Wakafuata wote. Mimi machozi yalinitoka, na si ya kicheko, maana nilimwona Idrisa anavyonitazama na nikajua nimemharibia.

Mzee Abeid hakucheka. Akaiegesha baiskeli ukutani taratibu, akaitazama ile video mpaka mwisho, akaja akaketi mbele yangu.

"Bibi, hiyo njia panda mimi naipita na gari kila siku nikiwa naogopa. Wewe umeipita na baiskeli. Kwa nini?"

"Nilisikia unapenda saa," nikasema. "Na nilisikia ulivyouliza kuhusu gari. Idrisa hana gari, na hatutakudanganya kwamba analo. Lakini akikuahidi kitu atafika, hata kama atafika hivi nilivyofika mimi."

"Mimi niliuliza," mzee akasema, "kwa sababu binti yangu akisubiri basi kwenye theluji, mimi silali. Ni hilo tu." Halafu akamgeukia Mzee Kombo aliyekuwa bado amesimama na kofia yake mkononi. "Kaa, mzee wangu. Aliyekuja kwa wakati ndiye atakayesema."

Basi nikaposa mimi, na dera la kuazima, na grisi shingoni. Jibu walilileta baada ya wiki, kama ilivyo desturi, na Nuru sasa ni mke wa Idrisa.

Lakini ile video haikuomba ruhusa ya mtu. Ilifika Mombasa, ikafika Tanga, dada yangu mkubwa akanitumia mimi mwenyewe, ameandika chini, "Huyu si kama wewe?" Watu wanacheka, nami nacheka nao siku hizi, ila kuna kitu kimoja sijawaambia. Kwenye video lile lori linaonekana kwa ubavu tu, kama ukuta. Gurudumu halionekani, wala ule mngurumo hausikiki kwa sababu ya kicheko cha yule kijana. Mimi nausikia.

Kwa hiyo nimeapa. Katikati ya mji nitaendesha mpaka wanizike. Lakini kile kibao kikiniambia njia imeishia hapa, nakitii: nashuka, naitundika baiskeli mbele ya basi kwenye vile vyuma vyao vya kubebea baiskeli, naingia, nakaa kama watu wengine. Basi linasimama kila kituo, miguu inaniwasha, nataka kushuka nikimbie, nashika kiti kwa mikono miwili, nakaa.