Pasi ya Sista

Juzi Forodhani niliona pasi ya mkaa ikiuzwa kwa watalii, ikanijia harufu ya uwanga wa muhogo. Sista, mmishionari wa kanisa la kijijini kwetu, hakuruhusu mtu aguse vitambaa vya altare. Alivipiga pasi mwenyewe. Alasiri moja aliniita.

"Naam, Sista."

"Leo piga wewe."

Niliunguza pembe, nikangoja kofi.

"Haidhuru, mwanangu. Utazoea."

Nikarudi nyumbani naringa. Jumapili nilikitandika kitambaa mwenyewe, doa nikalielekeza mbele ili Sista alione acheke. Hakuja. Nilimnunia wiki nzima, sijui kwamba ameshaondoka Unguja moja kwa moja. Wala sikuwa nimejiuliza kwa nini, alasiri ile, meza yetu ya kupigia pasi ilikuwa sanduku lake la safari.