Walipima udongo wa kona tuliyokodi Mgeta, ramani yao ikatutoa shambani

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko mjini kwenye lami na mlioko huku milimani na matope hadi magotini.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Kama kuna mtu wa Mgeta humu akatambua ni upande gani, namwomba asome tu anyamaze.

Mimi ni mtu wa Dumila. Nimekulia tambarare, kwenye mahindi, ambako trekta linapita bila shida. Nikaja kuoa Mgeta, huku juu milimani Uluguru.

Wanaowajua Waluguru wanaelewa. Ardhi inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mwanaume mgeni kama mimi unaingia na jembe lako tu. Mke wangu, mama Tekla, alikuwa na kipande chake cha ukoo, lakini kiko juu kabisa, mteremko mkali, udongo umechoka. Tukaamua kukodi.

Aliyetukodisha nimwite Mzee Faustini. Ana eneo kubwa pale kijijini ila mwenyewe anaishi Morogoro mjini. Akatupa kona moja iliyojaa mawe na magugu. Alituambia kwa mdomo wake, "Hapo hapaoti kitu, jaribuni bahati yenu."

Makubaliano yakawa ya mdomo, msimu kwa msimu. Karatasi hakuna. Huku watu wengi ndivyo tunavyoishi, msinicheke.

Sasa hapa naomba utulivu, maana ndipo hasira yangu inapoanzia.

Ile kona TULIITENGENEZA.

Huku watu wanafuga mbuzi wa maziwa kwenye mabanda ya kuinuliwa, samadi inadondoka chini. Mke wangu alikuwa anaiomba kwa majirani wasioitumia, anaipakia kwenye kiroba, anajitwisha kichwani na kupanda nayo njia ambayo mimi mtu wa tambarare nilikuwa naipanda kwa mikono na miguu. Mimba ya mtoto wetu wa pili ilimkuta anabeba samadi.

Tukaondoa mawe. Tukachimba upya ngazi za kulimia kwenye mteremko. Tukapanda majani kwenye kingo ili udongo usiteremke na mvua. Masalia ya njegere hatukuchoma, tuliyazika humo humo.

Miaka ikapita. Udongo ukageuka mweusi, laini, ukiushika unanukia. Kabichi zetu madereva wa Fuso wanaopeleka Dar walikuwa wanaziulizia hata hazijafunga.

Muda wote huo hakuna aliyetusumbua. Mpaka ikaja project.

Walikuja watu wa utafiti na GPS, na chuma kirefu cha kuzungusha wanachotobolea ardhi. Wanatoboa hapa, wanasogea, wanatoboa tena, udongo unaingia kwenye vifuko vyenye namba. Kiongozi wao ni mwanamama msomi, nimwite Dokta.

Alitueleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema udongo wa mlima mmoja haufanani. Ngazi ya juu inaweza kuwa na uchachu, ya chini yake ikawa na mboji ya kutosha, halafu mkulima anatia mbolea ile ile kote, kama daktari anayegawa dawa moja kwa wodi nzima. Wakishapima watachora ramani, kila mtu ajue kipande chake kinahitaji nini. Ndiyo hiyo wanaita precision agriculture.

Nilifurahi mno. Walipofika kwetu mama Tekla aliwachemshia viazi, wakala, wakatoboa, wakaaga.

Baadaye tukaitwa ofisi ya kijiji. Wametundika bango kubwa ukutani. Kijani ni penye rutuba, njano ni wastani, nyekundu ni pamechoka. Na kila eneo limeandikwa jina la MWENYE ARDHI. Anayelima hayupo.

Watu wakajaa mbele ya bango kama wanafunzi matokeo ya kidato cha nne yamebandikwa.

Eneo la Mzee Faustini lilikuwa jekundu na njano lote, isipokuwa kona moja. Kona yetu. Kijani kama jani la mgomba.

Dokta akaelekeza fimbo pale, akasema, "Hapa mnaona kuna rutuba ya asili."

ASILI!

Mama Tekla si mtu wa kuongea mkutanoni, ila siku hiyo alisimama. "Dokta, samahani. Hapo si asili. Hapo ni shingo yangu na samadi ya mbuzi."

Watu wakacheka. Dokta naye akatabasamu, akasema maswali yatakuja mwishoni. Mwishoni zikaja soda, mkutano ukafungwa.

Mzee Faustini alikuwepo, kapanda kutoka mjini. Nilimwona anapiga picha bango kwa simu, anasogea, anapiga tena.

Wiki ile ile akaja shambani. Tukamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akaitikia marahaba, akazunguka kwenye kabichi zetu akizitazama. Halafu akasema, "Wanangu, mkishavuna hizi kona hii naichukua. Kuna mtu wa Dar anatafuta shamba zuri la kukodi, nimemtumia ile picha, ameipenda. Nyie nitawapa pale juu."

Pale juu ndiyo pale pekundu.

Nikamwambia, "Mzee, wewe mwenyewe ulisema hapa hapaoti kitu."

"Nilikuwa sijui," akanijibu bila hata haya. "Sasa wataalamu wamepima."

Wakuu, nilitoa simu pale pale. Nampigia Dokta simu, namweleza yote. Jibu lake: "Pole sana kaka yangu, ila sisi ni watu wa udongo. Masuala ya umiliki hayamo kwenye utafiti wetu."

Yaani unaingia shambani kwangu, unakula viazi vyangu, unachukua udongo wangu, unautundika ukutani kwa jina la mtu mwingine, halafu ukiambiwa kuna moto unasema wewe ni mtu wa udongo!

Tukaenda baraza la ardhi la kijiji. Mwenyekiti alimuuliza Mzee Faustini, "Kabla ya hawa kuingia, pale palikuwaje?"

"Mawe na magugu," akakiri.

"Na hayo mawe uliyatoa wewe?"

Mzee akainama kufunga kamba ya kiatu.

Nikasema moyoni, leo haki imesimama. Kumbe wapi. Wajumbe wakajadiliana, wakarudi: ardhi ni yake, maandishi hatuna, jasho letu wanalitambua lakini hawana pa kuliandika. Tuvune, tuondoke kwa amani.

Tukavuna. Siku ya mwisho nilichukua jembe niyang'oe yale majani ya kwenye kingo, mvua ije iuzoe udongo wote, aambulie mawe yake. Nilishaanza. Mama Tekla akanishika mkono.

"Ukiyang'oa, tope litamfunika jirani wa chini. Yeye katukosea nini?"

Niliweka jembe chini. Lakini sitawadanganya, mpaka leo hilo jambo linanichoma.

Tukapanda juu, si pale pekundu pa Mzee, bali kwenye kipande cha ukoo wa mama Tekla. Dada zake na wanawake wawili watatu wa mtaani wakatusaidia kubeba samadi. Tukaanza moja, ngazi kwa ngazi, na magoti yetu si yale ya ujanani.

Msimu uliofuata Dokta akarudi na vijana wake kupima tena. Hakuwa na habari kwamba tumehama. Alitukuta kule juu akafurahi, akaanza kutoa vifaa.

Mama Tekla akamkaribisha vizuri kabisa, halafu akasimama mbele ya ngazi ya kwanza. "Dokta, leo hamtoboi."

Dokta akashangaa. Mke wangu akamwonyesha kule chini, ile kona, vibarua wa yule bwana wa Dar wanapiga dawa. "Ulipotundika bango lako, mimi ndiyo nikatoka pale."

Dokta alikaa juu ya jiwe. Akasema, "Sikufikiria mtu anaweza kutolewa kwa sababu ya rangi."

"Nilikupigia simu," nikamwambia. Sikuilainisha sauti.

"Ulinipigia," akasema. "Na sikukusikiliza."

Hakutoboa. Aliteremka hadi ofisi ya kijiji, bango likashushwa. Siku hizi majibu anakabidhiwa anayelima, mkononi, na kabla ya kupima lazima mwenye ardhi na mkodishwaji waandikishane mbele ya mtendaji. Nampa heshima yake kwa hilo. Lakini kona yetu haikurudi, na hakuna mtu aliyetuambia pole yenye uzito.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza:

Sipingi vipimo. Ile ramani haikudanganya hata kidogo, na ndiyo maana ilituumiza. Ukikodi shamba andikishaneni, hata kama mwenye shamba ni mjomba wako, na ndani yake andika hali uliyolikuta nalo. Na mtaalamu yeyote akija kupima, kabla hajatoboa muulize majibu yatatundikwa wapi na kwa jina la nani. Akikwambia ni kwa faida ya wote, muulize hao wote ni akina nani.

Na nyie wasomi wa udongo mliomo humu, najua mpo, msije kuniambia umiliki si kazi yenu. Mkishaonyesha penye mali, mmeshaingia.

Najua wapo watakaosema mimi mjinga, nimetengeneza ardhi ya mtu bila mkataba. Semeni tu, nimeshasikia makali zaidi kutoka kwa wakwe.

Ila wanasheria wa humu naomba mnijibu moja. Ardhi ni ya Mzee Faustini, nimekubali. Weusi wa ule udongo ni wa nani?