Picha za Jumamosi

Jastin Wanzagi, fundi mwashi wa Manyamanyama, alipata kazi nyingi kwa sababu ya adabu yake ya simu. Wapo mafundi wanaomkumbuka mteja aliye mbali siku saruji inapokwisha tu. Jastin hakuwa mtu wa namna hiyo. Kila Jumamosi saa kumi jioni, wakati mteja wake Debora ametoka zamu ya usiku kule Kanada, alimtumia picha za nyumba aliyokuwa akimjengea mama wa Debora hapo Bunda, karibu na hospitali, ili bibi huyo asihangaike tena na safari za kutoka Butiama kufuata dawa za presha.

Debora hakuwa mteja msumbufu. Siku walipokubaliana kazi alimwambia neno moja tu.

"Kaka Jastin, baba yangu alipofariki, nyumbani walinipigia wakasema mzee anaumwa kidogo, jitahidi uje. Nilipanda ndege na viatu vyake vipya kwenye begi. Nilivyofika nikaonyeshwa kaburi. Sasa wewe nakuomba, likitokea baya uniambie siku hiyohiyo. Mimi niko mbali, sina macho mengine."

"Dada, mimi sifichagi kitu," Jastin alijibu, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Kiwanja kilikuwa cha udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Jastin aliujua tangu utoto. Alijua kwamba msingi wake huchimbwa mpaka changarawe ionekane, hata ikichukua mwezi. Lakini Desemba ile mvua ilijaza mitaro upande wa nyuma, siku ikawa Ijumaa, na alikuwa ameshaahidi kwamba kesho yake picha itaonyesha msingi umepanda. Walikomba maji kwa ndoo, wakamwaga zege juu ya tope lililobaki. Stanislausi, fundi mwenzake, aliuliza kama wasisubiri. Jastin akasema mteja anasubiri picha. Ndivyo mtu anavyoanza kuwajengea watu picha badala ya nyumba.

Mwishoni mwa Aprili ufa ukatokea. Ulianzia kona ya dirisha la chumba cha mama, ukashuka hadi sakafuni. Jumamosi ile Jastin alisimama mbele ya nyumba, akapiga picha ya baraza na mlango wa mninga. "Safi sana, kaka. Mungu akubariki," Debora aliandika. Jastin alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa. Akajibu, "Amina."

Alijiambia kwamba atamweleza akishapata dawa ya ule ufa. Akauziba kwa plasta, ukarudi. Akauziba tena, ukarudi mpana zaidi. Alikwenda Musoma, pale Iringo, kumwonyesha mhandisi mmoja anayefahamiana naye. Mhandisi aliitazama picha, akamrudishia simu.

"Msingi wa nyuma unazama. Hapo ni kubomoa ukuta na kuchimba upya. Mwenye nyumba anasemaje?"

Jastin akaitia simu mfukoni. Alirudi Bunda, na Jumamosi akapiga tena picha kwa mbele.

"Nyumba hii," Stanislausi akamwambia, "imekuwa kama suti ya maiti. Mbele koti, nyuma hakuna kitu."

"Nyamaza, Stani."

"Mimi nitanyamaza. Ukuta ndio unaongeaga."

Juni mama yake Debora, Mama Yuliana, akaja kutoka Butiama kuiona nyumba yake. Alipita chumba hadi chumba akigusa kuta na kushukuru. Alipofika chumbani kwake alisimama, akaingiza kidole kwenye ufa. Kikazama hadi fundo la kwanza.

"Hiki ni nini, baba?"

"Plasta tu, Mama."

"Plasta haimezi kidole." Alikifuta kwenye khanga. "Umemwambia?"

"Bado. Nataka nimwambie leo."

Kweli siku hiyo alitaka. Lakini bibi alimshika mkono.

"Usimwambie. Huko analala mchana, anafanya kazi usiku kama bundi. Ukimwambia atafanya nini? Atalia tu, na mimi sipo wa kumnyamazisha. Hapa nitaweka kabati."

Hapo Jastin angeweza kukataa. Fedha hazikuwa za bibi, na neno alilotoa hakumpa bibi. Lakini alijisikia kama aliyetuliwa mzigo, akaitikia. Huruma ya Mama Yuliana ndiyo ileile iliyomfanya mwanawe afike kwenye kaburi na viatu kwenye begi, na Jastin, aliyeonywa mapema, akaipokea kwa mikono miwili.

Agosti, Jumamosi, bibi akahamia. Kule Butiama nyumba alishamwachia mwanawe Isaya na mkewe. Saa kumi Debora akapiga simu ya video, akicheka na kufuta machozi.

"Mama, umependeza! Kaka Jastin, zungusha simu nione chumba chake."

Jastin akazungusha polepole. Kitanda. Pazia. Msalaba ukutani. Kabati.

"Ngoja hapo," Debora akasema. "Kwa nini kabati limeziba nusu ya dirisha? Ukuta wa kule si mtupu?"

Mama Yuliana, aliyekuwa nje ya picha, alimtikisia Jastin kichwa. Jastin alitazama kabati, akatazama simu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi kama ule wa Aprili. Safari hii haukutoka.

"Kuna ufa, dada. Msingi wa nyuma unazama. Ni kosa langu, sikuchimba mpaka chini."

Debora hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

 Huenda Debora alikuwa akirudia zile picha moja moja, baraza, mlango, baraza, mlango.

"Na mama analala humo leo?"

Jastin alitazama kitanda kilichokwisha kutandikwa.

"Mama alijua?"

Jastin alimgeukia bibi.

"Mpe simu."

Alimnyooshea bibi simu. Mama Yuliana akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. "Mwambie nimeenda kuchota maji," akanong'ona.

Bomba lilikuwa hapo uani, hatua sita kutoka dirishani, na Debora alilijua. Alitumiwa picha yake. Jastin akabaki amenyoosha mkono, simu katikati, hana pa kuirudisha wala pa kuiweka.

"Mama," sauti ikasema kutoka kwenye simu, "nimekusikia."