Sauti ya Mama Iliyobaki Chuoni

Mama yangu hakumaliza shule ya msingi, lakini alifundisha chuo kikuu siku moja, na hata baada ya sisi kumzika aliendelea kufundisha. Wakati huo mimi, niliyempeleka huko, nilikuwa nimeshaachishwa kazi.

Nilikuwa mhadhiri wa muda wa fasihi simulizi. Chuo chetu kilikodi ghorofa za juu za jengo moja katikati ya jiji. Chini yetu kulikuwa na maduka ya viatu, na ghorofa ya kati palikuwa na ukumbi ambapo wafanyakazi wa ofisini walikuja kuomba saa ya chakula cha mchana. Nyimbo zao zilipanda hadi darasani kwangu na hazikunikera. Somo langu lilihitaji watu. Unasimulia, wanaitikia, wakianza kuchezea simu unajua hadithi imelegea, unapandisha sauti au unaanzisha wimbo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta hadithi ya kwao na kuisimulia akiwa amesimama mbele ya wenzake. Wengi waliingia wakidhani ni somo la kujazia ratiba, wakatoka wakibishana hadithi ya nani ndiyo ya kweli.

Kisha uongozi ukaamua masomo yote yahamie mtandaoni. Tulikuwa tumeshafundisha kwa kompyuta wakati wa korona, kila mtu kwake, na nilidhani hilo ndilo walilomaanisha. Safari hii walitaka mihadhara irekodiwe, iwekwe kwenye mfumo wa chuo, na mwanafunzi aitazame anapotaka. Mkuu mpya wa masomo ya mtandaoni, kijana mpole aliyevaa vizuri, alituita kikaoni akatueleza kwamba sasa tungepumzika.

"Mnafundisha mara moja tu," alisema, "halafu somo linajifundisha lenyewe."

Tulicheka. Sisi wa muda tulicheka kuliko walioajiriwa.

Stoo ya karatasi ikageuzwa studio. Walibandika sponji ukutani, wakaleta taa kali, nami nikasimama mbele ya kamera nikasimulia. Nilisema "Paukwa," nikanyamaza, nikiwaachia wanafunzi nafasi ya kuitikia huko waliko. Nilipoitazama video iliyohaririwa, nafasi zile zote zilikuwa zimekatwa. Nilikuwa nasema paukwa na kuendelea bila kuvuta pumzi, kama mtu anayekimbizwa. Nilimwuliza mhariri sababu. Akaniambia kwamba watu wakisikia kimya hufunga video.

Ndipo nikafikiria kumleta Mama. Kama darasa lilikuwa limeondolewa, nilitaka angalau wanafunzi wamwone msimulizi halisi, si mimi ninayefafanua wasimulizi.

Mama alikaa Satellite, kwenye ploti aliyojenga na Baba kabla mtaa haujajaa: nyumba yake mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, na sukuma wiki kila mahali ambapo simenti haikufika. Alikuwa ameuza nguo sokoni maisha yake yote na alijua kumcheka mtu bila kumtaja. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya fisi aliyekwenda kuposa akiwa ameazima kila kitu, koti kwa huyu, mwendo kwa yule, hata kikohozi cha heshima, na wenye vitu wakawa wanamfuata nyuma mmoja mmoja wakidai chao. Aliisimulia vyumba vya nyuma vikasikia.

Alikuja chuoni na gauni la kanisani na kitambaa cheupe cha chama cha akina mama. Aliitazama ile studio, akanitazama mimi.

"Wanafunzi wako wapi?"

"Watakuona baadaye, Mama. Wewe ongea na hii kamera."

"Sasa hiyo hadithi nitaambia nani? Hii taa?"

"Niambie mimi."

Nikavuta kiti nikakaa kando ya kamera, naye akaniambia mimi. Alisimulia kwa Kiswahili chake cha Satellite, nyimbo akaziimba kwa Kikuyu, na kila alipoimba niliitikia kama nilivyoitikia nikiwa mtoto. Hadithi ilipokwisha, yeye hakuona kwamba kazi imekwisha. Aliendelea kuongea. Akamwambia mhariri aliyekuwa akirekodi, "Huyu msichana unayemwona hapa alikuwa halali bila hadithi. Mimi nimetoka soko, miguu imefura, yeye ananivuta gauni. Nilikuwa namwambia hiyo ya fisi nikisinzia, nikikosea ananirekebisha." Kisha, kwa mara ya kwanza, akaiangalia kamera.

"Na nyinyi watoto, someni. Lakini mkirudi nyumbani muulize mama zenu hizi vitu. Wanazo. Ni vile tu hamuwaulizi."

Mhariri mwenyewe alikuwa ameacha kuangalia skrini yake, anamtazama Mama.

Muhula mpya ulipokaribia nilingoja ratiba, haikuja. Nikapiga simu. Msichana wa ofisini aliniambia, bila ubaya wowote, "Kwa sasa tuko sawa, Madam. Somo lako liko tayari kwa sistemu." Nilijaribu kuingia kwenye mfumo nikaona akaunti yangu imefungwa. Hakuna aliyeniaga. Wanafunzi walikuwa wanaingia darasani kwangu kila wiki, mimi nikiwa nyumbani kwangu, mtaa wa Jamhuri, nasahihisha miswada ya watu ili nipate kodi.

Mama alianguka Jumapili moja asubuhi akijiandaa kwenda kanisani, na hakuzungumza tena. Tulimzika. Ni baada ya matanga, watoto wa kaka yangu walipoomba kumsikia bibi yao, shosho kama walivyomwita, ndipo tulipogundua kwamba hatukuwa na sauti yake. Picha tulikuwa nazo tele, za harusi, za mahafali, za Krismasi. Simu yangu ya zamani, iliyokuwa na jumbe zake za sauti, ilikuwa imenyakuliwa mjini nikivuka barabara. Kaka yangu alikuwa na kipande kimoja cha video ambamo Mama anasema tu, "Hii kitu imewaka?" Basi.

Sauti yake ilikuwa mahali pamoja, nami nilipajua. Nikaenda chuoni.

Mkuu wa masomo ya mtandaoni alinipokea vizuri. Aliagiza chai. Nilimweleza yote, kwamba yule mama wa kwenye video ni mzazi wangu, kwamba ameaga, kwamba sihitaji kitu kingine ila nakala moja ya ile rekodi.

"Pole sana, Madam," alisema, na naamini alimaanisha. "Lakini hizo video ni mali ya chuo. Nikikupea wewe, kesho mwingine atakuja na yake."

"Mwingine ana mama yake humo?"

Akatabasamu kwa huzuni. Alifikiri kidogo, kisha uso ukamchangamka kama mtu aliyepata njia.

"Unajua unaweza kujisajili? Kozi iko wazi kwa umma sasa. Ukilipa unapata vitengo vyote vya somo, pamoja na hicho cha mama yako."

Nilimtazama nikitafuta dalili ya mzaha, sikuiona. Alikuwa ananisaidia. Nilikuwa nijisajili kama mwanafunzi, nilipe karo, nijitazame nikifundisha kitengo baada ya kitengo hadi nifike kwa mama yangu. Niliiacha chai yake mezani nikashuka ngazi, na kwenye ukumbi wa maombi walikuwa wanaimba. Siku hiyo zile nyimbo zilinikera.

Miezi mingi ilipita. Mchana mmoja nilikuwa kwenye maduka ya Adams Arcade, nimesimama kwenye duka la dawa nikimwuliza mhudumu kuhusu dawa ya kikohozi, msichana aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

"Samahani. Wewe ni ule Madam wa Fasihi Simulizi?"

Sikumjua. Nilikuwa na hakika sijawahi kumfundisha.

"Ni sauti nimejua," alisema. "Kumbe huwa unaongea polepole hivi. Mimi hukuskiza nikiwa nimeongeza spidi."

Aliniambia wenzake darasani walidhani nimehamia ng'ambo. Wengine walidhani nilikufa. Nilimwuliza kwa nini walidhani nimehama.

"Unajibu maswali saa zote. Hata ukiuliza alfajiri unajibiwa hapo hapo. Tukasema huyu lazima ako nchi yenye saa tofauti."

"Mimi sijajibu swali lolote," nikamwambia. "Mimi sifundishi pale tena."

Akatoa simu akanionyesha. Palikuwa na picha yangu ndogo, na chini yake majibu yaliyoandikwa na mashine kwa Kiswahili laini kisicho na mtu: asante kwa swali lako zuri, tafadhali rejelea kitengo husika. Mtu aliuliza kama inafaa kusimulia hadithi za kwao kwa lugha ya mama. Mimi, yaani ile picha yangu, nikamjibu kwamba mada hiyo haimo kwenye mtihani.

Kwa miaka yote niliyofundisha sijawahi kumwambia mwanafunzi neno kama hilo.

Nikamwuliza kuhusu video ya mama mzee.

"Ile ya shosho na fisi? Hiyo ndiyo tunapendaga. Ndiyo pekee siongezi spidi."

"Unaweza kunionyesha?"

Tulikaa kwenye ukingo wa simenti mbele ya maduka, mgongo kwa barabara. Aliifungua. Mama akatokea na kitambaa chake cheupe, nembo ya chuo ikiwa kwenye kona karibu na bega lake. Chini yake waliandika: Msimulizi, mwanamke wa kijijini. Mama ambaye aliishi Satellite, aliyepanda na kushuka Ngong Road kwenda sokoni tangu mimi sijazaliwa, ambaye kijijini alienda kwa mazishi tu. Jina lake halikuwepo.

Nilitoa simu yangu nikaielekeza kwenye simu ya msichana, nikarekodi. Makanga walikuwa wanaita abiria, lori lilikuwa linapiga honi, nami nilikuwa nimeinama juu ya ule mwanga mdogo kama mtu anayekinga moto na upepo. Mama aliimba. Sauti yangu ya kuitikia walikuwa wameifuta, hivyo aliimba, akangoja, akatabasamu kwa mtu asiyesikika, akaendelea. Wakati huu walikuwa wameacha kimya.

Hadithi ilipoisha, video ikakatika. Maneno yake juu yangu hayakuwepo, wala lile neno alilowaambia wanafunzi. Badala yake likaja swali: msimulizi ametumia mbinu gani, na majibu manne ya kuchagua.

"Ni mtu wenu?" msichana aliuliza, maana nilikuwa nalia.

"Ni mama yangu."

"Woi, pole, Madam. Sisi tulidhani ni mtu tu walitafuta."

Aliniachia namba yake. Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira ile ilinifanya niandikie chuo. Sikuomba nakala tena. Niliwaambia waondoe yale maneno ya mwanamke wa kijijini na waweke jina la mama yangu, na waache kujibu wanafunzi kwa picha yangu. Nikajibiwa mara moja kwamba wananishukuru kwa maoni yangu.

Wiki chache baadaye yule msichana alinitumia ujumbe: Madam, wamebadilisha ile ya shosho. Nilimpigia. Akaniambia sasa kuna katuni ya bibi kizee mwenye fimbo, na sauti ya kompyuta inaisoma ile hadithi ya fisi, bila nyimbo. Picha yangu nayo imeondolewa, lakini majibu yanaendelea, chini ya jina la chuo.

Nilirudi kwa yule mkuu. Sikukaa safari hii.

"Kwa kuwa hamuitumii tena," nilisema, "nipe."

Alionekana kushangaa kweli. "Lakini tulidhani ulitaka itolewe. Tuliifuta, Madam, pamoja na zile rekodi za mwanzo. Tulikuwa tunapunguza mzigo kwa sistemu."

Nilimwuliza kama inaweza kurudishwa. Akapiga simu kwa mtu wa kompyuta, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akanisindikiza hadi kwenye lifti, akanibonyezea kitufe.

Kwa hiyo rekodi tuliyobaki nayo ni ile niliyorekodi Adams Arcade. Nilimpelekea kaka yangu, akaisikiliza mara moja akiwa amesimama jikoni kwa Mama, kwenye nyumba ambayo sasa tumeipangisha mbele na nyuma. Alisema inasikika kama Mama yuko stendi. Watoto wake wameizoea. Mdogo wao huisimulia hadithi ya fisi akiiga kila kitu, na anapofika kwenye wimbo hupiga ile honi ya lori kwa mdomo, kwa kuwa anadhani ni sehemu yake. Sijamrekebisha.