Mwaka wa Sura, Alivyoutabiri Mama Shadya

Kila Desemba, soko la Runzewe likishajaa nguo za Krismasi, jirani yangu Mama Shadya huvuta kiti mpaka nje ya duka lake la simu na kuanza kutabiri. Hatabiri mvua, wala hasemi nani karogwa na nani. Yeye anatabiri simu: mwaka unaokuja watu watanunua ipi, wataitupa ipi, na watalilia kitu gani ambacho leo hawajui hata kama kipo. Mimi ni fundi cherehani na baraza letu ni moja, kwa hiyo nitake nisitake, namsikiliza.

Jina lake hasa ni Mwahija. Babu yake mzaa baba alitoka Pangani na biashara zake, akaoa Msumbwa wa hapa hapa, lakini ukimsikia Mwahija anavyonyoosha Kiswahili utadhani huyo bibi Msumbwa hakuwahi kuwapo. Mimi wa Ushirombo nikitamka neno vibaya ananirekebisha huku amenishikia pini zangu mdomoni. Nampenda, ila siku nyingine natamani azimeze.

Tuseme haki, ametabiri mengi. Kuna mwaka alisema watu wote watavaa saa zinazohesabu hatua. Akaenda Kahama, akarudi na boksi zima. Mzee Mageni, mkulima wa pamba, akaigeuza ile saa mkononi, akauliza, "Mayu, mama yangu, nikishazihesabu hizo hatua, pamba inakuwa imepalilika?" Saa zile zipo mpaka leo, zinahesabu hatua za mende. Mwaka mwingine akasema waya za masikioni zimekwisha, ni vile vidude vya kuchomeka tu. Donatus wa bodaboda akanunua, na kimoja kikamdondoka kwenye shimo la kwanza la barabara ya Ushirombo. Tangu hapo Donatus anasikiliza muziki upande mmoja. Lakini mwaka aliosema kila mtu atataka kispika chenye redio na tochi tulimcheka sana, na ilipofika Pasaka hapakuwa na shamba Bukombe lisiloimba. Kwa kispika kimoja alichopatia, amesamehewa saa zote.

Sasa, Desemba ya mwaka juzi alikaa kwenye kiti chake amevaa dera jipya, watu wamejaa barazani mpaka wameikalia meza yangu ya kukatia, akatangaza.

"Mwaka ujao ni mwaka wa sura. Sauti tupu imekwisha. Mtu akimpigia mwenzake atataka amwone anacheka, anakula, amenuna. Na kitochi," akainua juu kile kisimu cha vitufe chenye tochi, "kitochi tunakizika. Innalillahi."

"Amina," wakaitikia hata Wakatoliki.

Angeishia hapo, ingekuwa salama. Lakini Mwahija haishii hapo. Akasema atatuonyesha mfano, atampigia mumewe kwa video mbele yetu sote.

Mumewe ni Ayubu. Yuko Rwamgasa, machimboni, anafanya kazi kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Ayubu ni mtu wa kucheka. Na alikuwa na mwanya. Habari ya mwanya huo naijua kuliko sala zangu, maana Mwahija amenisimulia kila nikimpima nguo: jinsi kijana mmoja alivyoingia dukani kuuliza betri, akacheka, mwanya ukaonekana, na yeye akasahau alikuwa anauza nini. "Niliolewa na mwanya," husema, "Ayubu alikuja nao tu." Mwezi uliotangulia, Novemba, Mwahija alikuwa amempelekea mumewe simu kubwa ya kioo kupitia dereva wa basi, ili wawe wanaonana.

Basi akapiga. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Kidogo kitochi cha dukani kikalia, naye akaweka sauti ya wote kusikia, maana alishasema ni maonyesho.

"Mke wangu, huku kuna kelele sana," sauti ya Ayubu ikasema.

"Kelele zinaziba macho?"

"Mtandao nao ni shida. Nitakupigia."

Baraza likaangua kicheko. Donatus akasema, "Mama Shadya, mwaka wa sura umeanza, ila shemeji hajaleta yake." Mwahija akacheka pamoja nao. Mimi nimekaa naye miaka mingi, nikajua kile si kicheko chake.

Kuanzia siku hiyo soko nalo likaanza kutabiri. Na soko halihitaji kiti. Watu wakakumbuka kwamba Ayubu, ambaye zamani alikuwa haachi mwezi upite bila kuja nyumbani, hajaonekana tangu vuli ianze. Sababu anazo: mara duara linakaribia kutema dhahabu, mara mwenye duara hatoi ruhusa. Anapiga kila siku akitoka shimoni, lakini kwa kitochi. Akipigiwa video anakata. Mwanaume aliyepewa simu ya kioo na mkewe halafu hataki kuonekana, anaficha nini? Wauza nyanya walikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limevaa kitenge.

Mwahija aliogopa. Nasema wazi kwa sababu yeye hakusema. Aliogopa kwamba ameachwa na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa, yeye ambaye kazi yake ni kujua mambo kabla hayajafika. Aliacha kunirekebisha Kiswahili. Siku moja akamuuzia mteja kitochi kipya bila hata kumwambia kwamba kimekufa. Hapo ndipo nilipoweka mkasi chini.

"Mwahija, twende Rwamgasa."

"Mwanamke hafiki kwenye duara, Mama Paschal. Unajua."

Najua. Wachimbaji wanaamini mwanamke akisogelea mdomo wa shimo dhahabu inakimbia. Mimi nasema dhahabu yenye akili ingewakimbia walevi kwanza, lakini hakuna aliyeniuliza. Na mke akitokea machimboni bila kuitwa, hata kama kaleta samaki, habari inatangulia kwamba amekuja kufumania.

"Hatufiki kwenye duara," nikamwambia. "Tunaenda kuuza simu. Wewe si ulisema ni mwaka wa sura? Huko ndiko zilikojaa."

Tukaondoka Januari, yeye na begi la simu, mimi na ulimi wangu. Tulipita Bwanga, tukabadilisha gari Katoro, na njia nzima hakuongea isipokuwa kuniambia nisilale mdomo wazi.

Rwamgasa ni vumbi na makarasha ya kusagia mawe. Mtu akikusalimia unasoma midomo. Tukaingia kwenye kibanda cha mama lishe anaitwa Jenifa, mwanamke mnene mchangamfu wa Kisukuma, maana tulijua wanaume wa maduara wanakula pale.

"Mwadila, mayu! Karibuni, wali upo, dagaa wapo."

Mwahija alikuwa anaangalia ndoo. Kwenye kona, juu ya gunia la mchele, kulikuwa na ndoo ya plastiki imejaa simu za kioo, kila moja imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Na juu kabisa ilikuwa simu yenye kava la kijani lenye maua. Kava lile alilichagua yeye, nilikuwapo.

"Hiyo ya nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo? Ya Ayubu," Jenifa akasema huku anapakua. "Huwa inalala kwangu."

Mwahija akakaa. Hakuangalia kama kuna kiti. Namshukuru Mungu palikuwa na ndoo nyingine, imefunikwa.

Jenifa akaendelea tu, sahani mkononi. "Na ya Zamoyoni inalala kwangu, na ya Clemens, na ya yule kijana Mkerewe. Zote hizi. Mwenye duara hataki picha, mayu. Mawe mazuri yakipanda juu, mtu akapiga picha akaituma, kesho umevamiwa na mji mzima. Kwa hiyo simu za kioo wanaziacha kwangu, wanashuka na vitochi. Na shimoni kuna tope, kidole chenye tope kioo hakikisikii kabisa. Kitochi kikidondoka unakiokota, unakipuliza, unaongea. Halafu kinakumulikia. Cha kioo ni cha kuangalia mpira jioni."

Nikamwangalia mtabiri wetu. Alikuwa amekalia ndoo, kwenye mapaja ana begi la simu ambazo mtu hawezi kushuka nazo shimoni, na mbele yake mama lishe anamfufulia kitochi. Siku nyingine ningecheka mpaka nikohoe.

"Na huyo Ayubu," nikauliza mimi, "ni mtu wa namna gani?"

"Mpole. Anasali. Zamani alikuwa anacheka mpaka sufuria zinatetemeka. Siku hizi hacheki, na anakula amegeukia ukutani. Nyie ni nani wake?"

Kabla hatujajibu, wanaume wakaanza kuingia, weupe kwa vumbi, wamejifunga vitambaa puani na mdomoni. Walipokaa wakavua vitambaa. Mmoja hakuvua. Alitusogelea hatua chache, akasimama.

"Mama Shadya," akasema ndani ya kitambaa.

"Vua hicho kitambaa, Baba Shadya."

"Kuna vumbi."

"Wenzako hawalioni?"

Akavua. Meno mawili ya mbele juu hayakuwapo. Mwanya ule maarufu, ule uliooa, ulikuwa umeondoka na kuta zake zote mbili.

Ayubu akaanza kueleza huku anaangalia miguu yake. Walikuwa wanavuta gunia la mawe kutoka chini, wanazungusha gogo la kamba kwa mikono ya chuma. Mwenzake akateleza, gunia likashuka kwa kasi, gogo likarudi nyuma, na mkono wa chuma ukampata mdomoni. Ilikuwa mwanzoni mwa vuli.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe umewaambia watu wote wa Runzewe kwamba uliolewa na mwanya." Akajaribu kutabasamu mdomo umefungwa. "Sasa mwanya haupo, Mwahija. Limebaki lango. Halafu ukaniletea simu ya kuonana. Nikasema, hapa nimekwisha."

Nilidhani Mwahija atalia. Badala yake akasimama juu, dera limechafuka, akampandishia sauti hata karasha la nje likawa dogo.

"Nilishakuozesha mke wa pili, Ayubu! Unasikia? Nimekaa na mwanamke ambaye hayupo, nikamchukia mpaka sura yake naijua! Nimempikia chakula kichwani nikamtilia chumvi nyingi! Kumbe ni meno? Ni meno tu?"

Ayubu alimtazama, na mabega yakaanza kumtikisika. Mkono ukapanda kuziba mdomo. Mwahija akaudaka mkono ule, akaushusha, akaushikilia hapo hapo chini, na Ayubu akacheka. Jenifa alikuwa kasema kweli kuhusu sufuria.

Hapo ndipo Mwahija alipolia, na mimi pia nilipopata sababu ya kulaumu vumbi.

Ayubu alikuja nyumbani wiki iliyofuata, na baada ya hapo akarudia desturi yake ya zamani. Lakini sokoni alitembea na kofia imeshuka na mkono karibu na kidevu, kama mtu anayewaza jambo zito. Mwahija akaniapisha nisiseme. Mimi nikanyamaza mwaka mzima, na mtu anayenijua atakwambia hiyo nayo ni habari.

Basi Desemba iliyopita kiti kikatoka tena. Safari hii watu walikuja na kesi. Zile simu za kioo alizoleta kwa ajili ya mwaka wa sura, nusu zilikuwa bado kabatini, na kilichouzika kuliko vyote kilikuwa kitochi. Mzee Mageni alikuwa nacho shingoni, amekifunga kamba.

"Mayu, huyu marehemu mbona anaita?" akauliza, akakipiga kidole.

"Tabiri sasa," Donatus akadai. "Ila kwanza utuambie, mwaka wa sura uliishia wapi? Hata shemeji mwenyewe bado hatujamwona video."

Mwahija akafungua mdomo. Ndipo simu ya kioo ikaita mapajani mwake. Aliitazama, nami nikachungulia. Alikuwa Ayubu, kutoka kwa Jenifa, kwa video. Hakuna aliyemwomba. Mwahija mwenyewe hakuitarajia.

Angeweza kuikata. Mwaka wa nyuma yeye ndiye aliyekatiwa.

Akaipokea, akaigeuza, akaishika juu ili baraza lote lione. Ayubu alikuwa amejaa kwenye kioo kizima, hana kofia, hana kitambaa, anacheka mdomo wazi kwa raha zake zote. Nikamwona Donatus anavuta pumzi kuandaa neno, na nikashika mkasi.

Mwahija akamtangulia.

"Haya, sikilizeni utabiri," akasema. "Mwaka ujao ni mwaka wa mapengo. Mwenye meno yake yote aanze kujificha."

Kicheko kilichofuata kilianzia Rwamgasa, ndani ya kile kioo, ndipo kikafika kwetu. Donatus alicheka mpaka kile kidude chake cha sikio kilichobaki kikadondoka. Mwahija hakumwangalia. Alikuwa ameshairudisha simu upande wake, ameikaribisha usoni, anamuuliza mumewe kama amekula.